Somo la Malezi: Televisheni na Mtoto wa Chini ya Miaka 3



Robo iliyopita ofisi ya miradi ilipokea maombi kutoka sharika zenye vituo vya kulelea watoto mchana, na kati ya mahitaji yaliyoandikwa, televisheni ilijirudia. Barua moja ilieleza wazi kwamba watoto wa mwaka 1 na miaka 2 wanalia sana baada ya uji wa asubuhi, kwamba mlezi ni mmoja tu, na kwamba penye televisheni watoto "wanatulia". Wakati huohuo rafiki mmoja wa dayosisi ameahidi, kwa moyo mwema kabisa, kununua televisheni kwa kila kituo. Fedha zipo na hitaji limeandikwa. Kilichobaki ni kamati kuamua, na somo hili limeandaliwa ili uamuzi huo usifanyike kwa haraka.

Swali nililoulizwa na wajumbe ni fupi: mtoto mdogo aruhusiwe kutazama televisheni kwa muda gani kwa siku?

Nianze na jibu la saa, maana lipo. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 asiwekwe kabisa mbele ya televisheni au simu. Kwa mwenye mwaka 1 pia haishauriwi. Mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka mtoto wa mwaka 1 au miaka 2 apate angalau dakika 180 za kucheza na kujongea kila siku, na alale kati ya saa 11 na 14, usingizi wa mchana ukiwemo.

Hili si jambo lililozuka juzi. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilianza kuwaonya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka 2 tangu mwaka 1999. Mwaka 2016 kililegeza kidogo: chini ya miezi 18 televisheni iepukwe, lakini hakuna ubaya mtoto kumwona bibi yake na kusemezana naye kwa simu ya video. Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2008 mamlaka ya utangazaji ya huko ilizikataza stesheni za nchi hiyo kurusha vipindi vilivyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 3.

Mjumbe anayependa hesabu achukue mtoto wa miaka 2 anayelala saa 12. Amebakiwa na saa 12 za kuwa macho, na katika hizo kuna kula, kuoga, kubebwa, kulia, kubembelezwa na zile dakika 180 za kukimbiakimbia. Televisheni ikichukua saa 4, imechukua theluthi nzima ya maisha yake ya siku hiyo.

Ningeweza kuishia hapo na kila mtu akarudi nyumbani na namba zake. Lakini nadhani tukiuliza saa peke yake tunaliuliza swali pungufu, na nitaeleza kwa nini.

Mwulize mama yeyote wa sharika zetu za mjini mtoto wake anatazama kwa muda gani. Atakujibu nusu saa, na hasemi uongo. Anahesabu katuni. Mama mmoja mwenye duka la rejareja mbele ya nyumba yake alikubali kuandika katika daftari, kwa siku 2, kila wakati televisheni ilipowashwa na kuzimwa. Siku ya kwanza iliwashwa saa 12:30 asubuhi, baba akisikiliza habari na kusomewa magazeti. Baba alipoondoka haikuzimwa. Dada wa kazi aliosha vyombo na kufagia akisikiliza nyimbo za kwaya. Saa 5 ziliwekwa katuni, ndizo hizo nusu saa za mtoto. Mchana yakafuata marudio ya tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, jioni shemeji akaja kutazama mpira, na kifaa kilizimwa saa 4 usiku. Mtoto wa miezi 20 alikuwa katika chumba kile karibu siku nzima.

Swali la kwanza la mama huyo aliponiletea daftari lilikuwa kama nyimbo za kwaya nazo zinahesabiwa. Zinahesabiwa. Najua jibu hilo halitawafurahisha wanakwaya wetu.

Zinahesabiwa kwa sababu televisheni inayowaka pembeni inafanya kazi hata kama mtoto haitazami. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa miezi 12, 24 na 36. Kila mtoto aliachwa acheze na vitu vyake kwa saa 1, na nusu ya muda huo televisheni iliwashwa katika kipindi cha watu wazima cha maswali na majibu, kitu ambacho mtoto hawezi kukielewa. Watoto waliitupia jicho kwa sekunde chache tu, wakarudi kwenye michezo yao. Hata hivyo mchezo wenyewe ulikatikakatika. Walicheza kwa vipande vifupi, na umakini wao ukapungua. Aliyewahi kumtazama mtoto wa mwaka 1 na nusu akijaribu kuingiza kopo dogo ndani ya kopo kubwa anajua kwamba ile ni kazi. Anajaribu, anakosea, anageuza, anajaribu tena. Mlio wa ghafla ukimgeuza kichwa kila mara, anaporudi ameshasahau alikuwa anatafuta nini.

Utafiti wa pili ndio ulionigusa zaidi, kwa sababu haukumpima mtoto peke yake bali pia mtu aliye naye. Ulichapishwa mwaka 2009, nao ni wa Marekani. Watoto wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 4 walivalishwa vinasa sauti vidogo katika nguo zao kwa siku nzima, kisha maneno yakahesabiwa. Kila saa moja ya televisheni inayosikika iliendana na upungufu wa maneno takribani 770 ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa mtu mzima. Watoto wenyewe nao walitoa sauti chache zaidi. Mtu mzima alikuwepo nyumbani, lakini alikuwa kimya, naye akitazama.

Tuliweke jambo hilo katika nyumba zetu. Mtoto wa mwaka 1 ananyoosha kidole mlangoni na kusema "ku". Mama anageuka: "Eeh, kuku huyo! Anakula nini? Mwite, kukukuku!" Mtoto anacheka, anasema tena "ku", na mama anaongeza neno jingine. Haya yalichukua nusu dakika, na hakuna aliyeona kwamba somo limefundishwa. Wataalamu wa malezi wanaliita malezi yenye mwitikio, na ni mojawapo ya nguzo za Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto iliyozinduliwa Dodoma mwezi Desemba 2021. Mtoto anaanza, mkubwa anaitikia, mtoto anarudisha. Televisheni inaweza kusema maneno elfu kumi kwa siku, lakini haiwezi kutazama mahali kidole cha mtoto kinapoelekea. Haijui kwamba kuku amepita.

Hapa wazazi wa mjini hunijibu kwa hoja moja: "Lakini mtoto anajifunza Kiingereza kwenye katuni." Hoja hii isipuuzwe, kwa sababu mzazi anayeisema anamtakia mtoto wake mema na ada za shule anazijua. Bahati nzuri imepimwa karibu kabisa na ilivyo. Mwaka 2003 mtafiti Patricia Kuhl na wenzake huko Seattle walichukua watoto wa miezi 9 kutoka nyumba zinazozungumza Kiingereza, wakawapa vipindi 12 vya Kichina cha Mandarin. Kundi moja lilikaa na mtu akicheza nao, akiwasomea vitabu na kusema nao kwa Kichina. Kundi jingine liliwekewa watu walewale na maneno yaleyale katika televisheni. Baadaye wakapimwa kama wanaweza kutofautisha sauti za Kichina. Waliokaa na mtu waliweza. Waliotazama televisheni walikuwa sawa na watoto ambao hawakuwahi kusikia Kichina kabisa.

Marafiki wanaotuletea masanduku ya zawadi wanajua pia kuna kanda na diski zinazouzwa kwa maneno matamu ya kumfanya mtoto mchanga awe na akili. Maarufu kuliko zote zilikuwa za Baby Einstein, zilizoanza Marekani mwaka 1997 na baadaye kununuliwa na kampuni ya Walt Disney. Mwaka 2009, baada ya malalamiko ya muda mrefu, kampuni hiyo ilikubali kuwarudishia fedha wazazi walionunua diski hizo. Basi tusipokee sisi kama msaada kitu ambacho wenyewe walirudishiwa fedha zao.

Hata hivyo nisieleweke kwamba naikataa televisheni kwa watoto wote. Mtoto wa miaka 4 si mtoto wa mwaka 1. Huyo anaweza kufuata hadithi, kukumbuka wimbo, kuhesabu pamoja na mhusika na kumwuliza mama swali baadaye. Hapa Tanzania vipo vipindi vilivyotengenezwa kwa uangalifu kwa umri huo, kwa Kiswahili chetu na mazingira yetu, kama Akili na Mimi cha shirika la Ubongo la Dar es Salaam, kilicholengwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwapima watoto wa Kitanzania wa umri wa shule ya awali, na waliokitazama walifanya vizuri zaidi katika mambo kama kuhesabu na kutambua namba. Chekechea ikitumia kipindi kama hicho kwa nusu saa, mwalimu akiwa hapohapo akiimba nao, sina neno. Ninachozungumzia ni chumba cha wadogo, wale wanaovaa nepi na wanaojifunza kutembea.

Na tahadhari nyingine, kabla akina mama hawajaanza kulaumiwa. Mtoto anayechelewa kusema asisingiziwe televisheni moja kwa moja. Yawezekana hasikii vizuri, hasa kama amewahi kutokwa usaha masikioni. Yawezekana pia alikuwa mtoto wa kulia sana tangu mwanzo, na televisheni ikawa ndiyo njia pekee ya kumtuliza. Mtoto aliyetimiza miaka 2 na bado haunganishi maneno mawili, kama "mama njoo" au "taka maji", apelekwe kliniki akapimwe masikio. Tusingoje tu kuzima televisheni na kuona.

Usingizi niutaje kwa ufupi. Televisheni izimwe saa 1 kabla ya mtoto kulala, na isiwekwe chumba anacholala. Na ile iliyosimamishwa juu ya kimeza chembamba ifungwe ukutani au ihamishwe, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote anachokifikia na kifaa kile ni kizito. Kuhusu simu ya mama, yote yaliyosemwa hapa yanaihusu, pamoja na ubaya mmoja wa ziada: hakuna mwingine nyumbani anayeona mtoto anaonyeshwa nini.

Sasa nirudi kwenye swali pungufu. Kwa nini televisheni inawaka kutwa katika nyumba yenye mtoto mdogo? Katika mazungumzo na vikundi vya akina mama sijakutana na mzazi aliyeamua kwamba televisheni ni malezi mazuri kwa mtoto wa miezi 15. Nimekutana na mama aliye peke yake, maandazi yako kwenye mafuta ya moto na mtoto anatambaa kuelekea jiko. Nimekutana na binti wa kazi ambaye mwenyewe ni mtoto, ametoka kijijini juzi, anaogopa kutoka nje ya geti, na televisheni ndiyo rafiki yake pekee mjini. Kumwambia mama wa maandazi "zima" bila kumpa kitu badala yake ni kumwongezea mzigo. Televisheni imejaza nafasi ya mtu ambaye hayupo.

Mtu huyo zamani alikuwepo. Sisi tuliozaliwa Bara karibu na mwaka 1980 tulikuwa tayari tumekua televisheni ilipoanza upande huu mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka 20 hivi. Tulipokuwa wadogo kulikuwa na bibi, shangazi, binamu mkubwa wa kutubeba mgongoni, na jirani asiyeomba ruhusa kutuchapa. Sisemi maisha yale yalikuwa bora kwa kila jambo. Nasema tu kwamba kuhusu kunyonyesha, kulikiza na kuogesha, mama wa leo anaweza kumwuliza mama yake, lakini kuhusu televisheni hakuna bibi wa kumwuliza, maana yeye hakulea mtoto mchanga nayo. Ndiyo sababu wengi wanajiongoza kwa kuangalia jirani anafanya nini.

Na kituo chetu cha kulelea watoto kipo kwa sababu hiyohiyo. Mama analipa mchango wake ili mtoto apate mtu wakati yeye yuko sokoni. Tukiweka televisheni katika chumba cha wadogo, tutakuwa tumemtoza mama fedha ili tumpe mtoto wake kilekile alichonacho nyumbani. Kutulia kwenyewe tukutazame vizuri. Mtoto wa mwaka 1 na nusu aliyekaa kimya saa nzima hajatulia kwa sababu ameridhika. Picha zinabadilika kwa kasi, na macho yake yanavutwa upya kila zinapobadilika.

Barua ya usharika ule ilisema kweli jambo moja kubwa: mlezi ni mmoja. Hitaji lao ndilo hilo, na televisheni imeandikwa mahali pake. Fedha za televisheni ya ukutani, king'amuzi, stendi na vifurushi vya mwaka zikiwekwa pamoja zinatosha posho ya mlezi msaidizi kwa miezi kadhaa. Zikibaki kidogo zinunue mikeka, mabeseni ya maji, na mchanga safi wa kumwaga uani. Vitu vya kuchezea tunavyo bure: makopo yasiyo na makali, vifuniko vikubwa, mpira wa matambara. Sharti ni moja, visiwe vidogo vya kumezwa.

Marafiki zetu niseme nanyi kwa uwazi hapa, maana najua ugumu uko wapi. Televisheni ni kifaa. Hununuliwa mara moja, hupigwa picha na watoto wakiwa mbele yake, huingia katika ripoti ukurasa wa kwanza. Posho ya mlezi ni matumizi ya kila mwezi, haina picha, na mashirika mengi yana kanuni ya kutolipa mishahara. Kanuni hiyo ina maana yake. Miradi mingi imekufa siku mfadhili alipoacha kulipa watu. Pendekezo langu ni kwamba ahadi ya televisheni igeuzwe kuwa posho ya mwaka 1, ikipungua kila robo, huku usharika ukipandisha sehemu yake kutoka michango ya wazazi na sadaka ya mavuno. Usharika usiokuwa tayari kuandika sehemu yake katika bajeti usipewe ya kwanza. Nimeshazungumza na aliyetoa ahadi, naye yuko tayari kusikia kamati zinasema nini.

Usharika mmoja wa mashambani umeanza bila kusubiri fedha yoyote. Bibi wawili wa umoja wa wanawake huja kwa zamu kuanzia saa 3 hadi saa 6. Hawana cheti. Wanakaa mkekani, wanachambua mboga za kituo, na kazi yao nyingine ni kuwajibu watoto. Sharika za mjini zitasema bibi wa mjini wana shughuli zao, na ni kweli kwa baadhi yao.

Kwa majadiliano ya kamati naomba mambo haya. Katika kituo chetu, mtu mzima huzungumza na mtoto mmojammoja wakati gani wa siku, mbali na kumlisha na kumbadilisha nguo? Nani katika usharika ana muda wa asubuhi na hajawahi kuombwa? Mabinti wa kazi walioko katika nyumba za washarika, je, tunaweza kuwakutanisha na watoto wanaowalea mara moja kwa wiki, ili nao wapate wenzao? Na akina baba walio kwenye kamati wajibu wenyewe lile la taarifa ya habari ya asubuhi: ikiisha, nani anazima?

Kabla ya kikao, kila mjumbe mwenye mtoto wa chini ya miaka 3 nyumbani aandike siku 2, moja ya kazi na moja ya mwisho wa juma. Haihitaji fomu. Daftari la kawaida la shule lenye safu 4 linatosha: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, nani alikuwa na mtoto, na alizungumza naye nini. Majina yasiandikwe. Madaftari yapitie kwa wachungaji wa sharika hadi ofisi ya miradi, pamoja na maombi mapya ya vituo, kabla kamati ya miradi ya dayosisi haijakaa robo ijayo. Maombi yenye neno televisheni kwa chumba cha wadogo hayatatupwa, ila yatarudishwa na swali moja la kujibiwa kwa maandishi: mlezi wa pili ni nani?